Mchezo Usiouma

Kwa Baba yangu, Mzee Ramadhani, fundi maboti, Ujiji.

Assalaam aleikum, Baba, na shikamoo. Nakuamkia kwa maandishi na kwa utulivu, maana kwenye simu Dada Mwajuma huweka spika mpaka jirani anaitikia "marahaba" kabla yako. Hujambo? Kikohozi kimekuacha? Mama macho yake yanamruhusu bado kuchambua mchele, au sasa mnakula na mawe yake? Na lile boti la watu wa Mwamgongo limeshashushwa majini, au wenyewe bado wanakuja kila asubuhi kulitazama na kurudi? Mimi huku ughaibuni ni mzima, alhamdulillahi. Baridi tu ndiyo inaninyanyasa. Nimevaa nguo tatu nikikuandikia, na juu yake blanketi, na bado mwenye nyumba anapita na fulana moja ananishangaa.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Ya kwanza, habari yenyewe ni ndefu na ya ajabu, na Mwajuma angenikatiza kila neno: "Eti nini? Hebu rudia!" Ya pili nitaisema huko mbele, nikishapata moyo. Barua hii inakuja na binti mmoja wa Kagunga anayesoma huku, anakwenda kuwaona wazazi wake. Nimemwambia akifika Kigoma aje kwanza Ujiji, na asimpe mtu mwingine yeyote ila wewe.

Unajua kazi yangu ni usafi katika jengo la maofisi. Sikukuficha, ingawa najua Mama huwaambia watu niko "kampuni". Sasa ghorofa ya tatu ya jengo hilo kuna watu wanaotengeneza magemu, haya ambayo vijana wa mjini hushinda nayo. Miezi mingi niliwaona wamekaa mbele ya vioo vyao, wamevaa soksi bila viatu, nikawahurumia nikidhani ni watu waliokosa kazi. Kumbe ndiyo kazi yenyewe.

Mwezi uliopita mhandisi mmoja wa pale, mwanamke mrefu anaitwa Elina, mwenye sauti ya chini kama anayeogopa kumwamsha mtoto, alinikuta nafuta meza akaniuliza kama nimewahi kucheza gemu. Nikamwambia sijawahi, mimi ni bao tu, tena hufungwa. Akafurahi kweli. Walikuwa wanatafuta watu wasiojua kitu wajaribu gemu lao jipya. Nikasema moyoni, hapo umefika kwa mwenyewe.

Baba, sijui nikueleze vipi. Wanakuvalisha kizibao cheusi kizito, glovu mbili zenye nyaya nyembamba, mikanda ya magotini, na miwani mikubwa inayoziba uso wote. Halafu wanawasha. Nilikuwa nimesimama kwenye chumba chenye zulia, na mara nikawa nimesimama ufukweni. Mvua ikaanza kunyesha, nami nikaisikia mabegani, tone moja moja. Nikainua mkono kujifuta, mkono ni mkavu. Nikashika jiwe, jiwe ni la baridi na linakwaruza, na mkononi mwangu hakuna jiwe. Nilisema "Subhanallah" kwa sauti mpaka watu wa chumba cha pili wakaja kuuliza kuna nini. Nimekaa huku miaka mitatu, nimeona treni zinazopita chini ya ardhi na maji yaliyogeuka sakafu watu wakatembea juu yake, lakini hakuna kilichonitetemesha kama lile jiwe ambalo halipo.

Kisha Elina akaniambia kwamba gemu hili lina jambo jipya, na ndilo wanalotaka kulijaribu. Ukipigwa, unaumia. Si maumivu ya kukudhuru, wameyapima, wala hayaachi alama. Lakini ni maumivu. Kabla ya kuanza inabidi wajue kila mtu anavumilia kiasi gani, kwa hiyo wanaongeza kidogo kidogo huku wanahesabu kwa sauti, na wewe unasema basi unapochoka. Akaanza. Moja, kama mbu. Mbili, kama siafu. Tatu. Nne. Tano. Ilipofika sita nikapiga kelele "Mama wee!" na glovu nikaitupa chini.

Wao walicheka, nami nilicheka. Ila kuhesabu kule kulinikaa kifuani siku nzima, na wewe mwenyewe utajua kwa nini.

Kesho yake nikapangwa kupigana na Jari, mlinzi wa mlangoni, jitu la miraba minne. Yeye alichagua upanga. Mimi kwenye silaha nikaona kuna kasia, nikachukua kasia, maana ndilo ninalolijua. Tukaanza. Nikalizungusha, nikampata ubavuni, nikasikia mtu kweli, si wa kwenye gemu, ameguna upande wa pili wa chumba: "Ai!" Basi Baba, sikufikiri. Nilivua miwani, nikavuka zulia, nikamshika bega nikamwambia, "Pole kaka. Pole sana. Umeumia?"

Jari alidhani mchezo umekwisha. Tukarudi. Nikampiga tena, akaguna tena, nikavua tena miwani. Mara ya tatu Elina akaja kunibadilishia miwani, akiamini ile ya kwanza ni mbovu ndiyo maana naivua kila mara. Nikamwambia miwani haina ubaya. "Sasa mbona unasimama?" akauliza. Nikamwambia, mtu ameumia, nitaachaje kumpa pole? Akasema, "Lakini ni mpinzani wako." Nikamjibu kwamba kwetu mtu akijikwaa barabarani hata humjui unampa pole, na kama ni wewe uliyemkwaza ndiyo zaidi. Akauliza pole maana yake ni kwamba nimekosa? Nikasema hapana, maana yake ni kwamba nimekuona unaumia. Alikaa akaandika kwenye daftari lake kwa muda mrefu.

Na sikia hili. Mzunguko uliofuata Jari akanipata gotini na upanga wake. Maumivu yakapanda mpaka kwenye nyonga. Nilipofungua macho nikaona mule ndani ya gemu lile jitu limesimama, limeshusha upanga, halinimalizii. Na ng'ambo ya chumba nikasikia sauti nzito, ya mtu ambaye hajawahi kutamka neno la Kiswahili maishani: "Poole." Nilikaribia kulia, Baba. Sijui ni goti au ni neno.

Basi wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe. Bosi wao anasema vijana wanataka gemu liwe la kweli, na bila kuumia hakuna ukweli, litauzwa kama maandazi. Kuna kijana mwenye ndevu anasema huo ni ukatili, dunia ina maumivu ya kutosha, mtu mwenye akili hanunui mengine. Elina anasema watoto wameua maelfu kwenye vioo na hawajui hata mchubuko mmoja ukoje, labda wangejua wangeacha. Kila mmoja akiongea namwona ana haki. Mwishoni wakatugawia sisi tuliojaribu karatasi yenye swali moja: je, gemu liwe na maumivu au lisiwe nayo, na kwa nini. Wengine walijaza palepale wamesimama. Mimi nilikwenda nayo nyumbani, ikakaa mezani siku tatu.

Siku ya tatu ndipo Mwajuma aliponipigia. Akasema lami imekuunguza tena mkono wa kulia, na ulikaa siku nne bila kusema. Akasema zamani Mama alikuwa anakukagua vidole kila siku kabla hujatawadha, lakini sasa mtoto wa jicho amemziba, anapapasa tu, na wewe unamwambia "hakuna kitu, mama Mwajuma, mkono salama". Kidonda kimeonekana kwa harufu. Alisema, "Hamisi, vidole vimebaki vinne, na Baba anavitumia kama vya kuazima."

Sasa nafika kwenye sababu ya pili.

Baba, unaikumbuka karakana ilipokuwa karibu na maji, kabla ziwa halijapanda? Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa najua una mkono usiosikia, kwamba uliugua ukoma zamani kabla sijazaliwa, ukameza dawa ukapona kabisa, na ganzi ndiyo iliyobaki. Watoto wenzangu baba zao walikuwa wavuvi, wana maboti, wana taa, wana hadithi za mawimbi. Mimi nilikuwa na baba mwenye kuokota kaa la moto chini ya sufuria la lami, akaliweka kiganjani na kulirudisha motoni, huku anatabasamu. Niliona hakuna baba kama wewe pwani nzima, kuanzia Ujiji mpaka Kibirizi. Na nilikuwa sahihi, ila si kwa sababu niliyoidhania.

Nikaanza kuwaleta. Kiingilio gololi moja. Ulikuwa hujui habari ya gololi, ulidhani wanakuja kukuamkia. Walikuwa wanahesabu, na wewe ulikuwa unarudisha kaa wakifika tano. Siku ile nilikuwa nimewaahidi ishirini. Nilikuomba mbele yao, "Baba, leo mpaka ishirini!" Uliniangalia. Nakumbuka sana ulivyoniangalia. Halafu ukasema, "Haya, hesabuni." Tulihesabu wote kwa pamoja, mimi nikiwa wa kwanza kwa sauti. Kwenye kumi na mbili nilisikia harufu. Nilijua ni harufu ya nini. Nikaendelea kuhesabu.

Kidole kile kilikatwa baada ya wiki chache. Mama alipokuuliza ilikuwaje, ulimwambia umeshika sufuria la lami bila kitambaa. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na gololi zangu mfukoni, kumi na saba. Ulisema uongo ule ukiwa unanitazama, na hukurudia kuzungumzia jambo hilo hata siku moja, wala hukunichapa, wala hukuacha kuniita "fundi mdogo". Nimebeba hili miaka ishirini na mbili. Nilivuka bahari nalo.

Huku ndiko nilikoelewa. Mwaka jana nilikuwa nakwangua theluji mlangoni bila glovu, ubishi wangu tu, nikaona matone mekundu kwenye weupe. Nikaangalia huku na huku nani ameumia. Kumbe ni mimi, mkono umekufa ganzi kwa baridi, nimejikata na koleo na sina habari. Niliegemeza koleo mlangoni. Nikasema, hivi ndivyo Baba anavyoishi. Kila siku. Anashika tezo, anashika nyundo, anashika lami, na hakuna wa kumwambia.

Kwa hiyo karatasi yao niliijaza hivi, nakunakilia: "Nilipokuwa mtoto nilicheza mchezo usiouma. Mimi sikuumia, na aliyekuwa anaungua hakuumia, na mchezo ule ulimla baba yangu kidole. Maumivu yangekuwepo tungeishia kwenye moja. Kwa hiyo yawepo, lakini anayepiga ayasikie yeye kwanza, na kila mtu awe na neno la kusimamisha, na mtoto asivalishwe." Bosi aliisoma akacheka kwa upole, akasema hakuna atakayenunua gemu la kumpiga mwenzako ukaumia wewe. Huenda ni kweli. Biashara yao waijue wenyewe, na mpaka leo hawajaamua.

Lakini Elina hakucheka. Alinifuata mpaka kwenye chumba cha mafagio, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akataka nimweleze mkono wako wote, wapi unasikia na wapi husikii. Nikamwambia kwamba kuanzia kiwiko kwenda juu unasikia sawasawa, mpaka mbu anakufanya utukane. Akauliza, "Una hakika?" Nikamwambia nimekusikia mwenyewe ukitukana.

Baada ya wiki mbili akaniletea glovu moja, imeshonwa kwa mabaki ya zile zao, ina waya mwembamba unaopanda mpaka kwenye mkanda unaofungwa juu ya kiwiko. Akanivalisha mkono wangu kwanza glovu nene ya ngozi nisisikie kitu, halafu ile yake juu. Akanipa kikombe cha maji yaliyotoka kuchemka. Kiganja changu hakikusikia lolote. Lakini juu ya kiwiko, Baba, kitu kikanifinya kwa nguvu, kama Mama anavyofinya mtu anayesinzia msikitini, na kabla sijafikiri kikombe kilikuwa chini kimevunjika. Elina akaokota kipande kimoja, akaniambia kwa ile sauti yake ya chini, "Imefanya kazi."

Nimeona mambo mengi huku, lakini hili ni kubwa kuliko yote. Watu wamekaa wanatafuta namna ya kumpa maumivu mtu anayetaka kucheza, na humohumo, kwenye mabaki yao, yametoka maumivu ya kumlinda fundi wa Ujiji. Nililia, tena sana, na Jari akaja na kitambaa akisema "poole, poole" bila kujua kuna nini.

Sikudanganyi kuhusu kifaa chenyewe. Ni kimoja, cha kushonwa kwa mkono. Hakipendi maji, utakivua ukitawadha. Kinachajiwa kama simu. Hakiondoi ganzi ya kiganja, na kidonda ulichonacho sasa hakitakiponya. Hicho uende zahanati, na Mwajuma aende nawe, na umwonyeshe mganga mkono wote bila kuuficha kwenye kanzu. Lakini ukishika cha moto, utajua kabla harufu haijatoka. Na hakuna haja ya macho ya Mama.

Kuna kitu kimoja kinachokosekana, nacho wewe tu unaweza kukitoa. Elina anahitaji kipimo cha mkono wako ili aishone upya glovu ikutoshe, na binti wa Kagunga atarudi nacho huku. Najua hukubali mkono ule utazamwe. Najua hata kwenye picha ya harusi ya Mwajuma umeuweka nyuma. Ndiyo maana sikuomba kwa simu, spika ikiwa wazi na uani kumejaa watu. Naomba kwa barua, mimi na wewe peke yetu, na ukikataa hakuna atakayejua kwamba niliomba.

Kabla sijakuaga, nisalimie watu. Mama, mwambie namshika miguu, na kwamba mwaka huu, Mungu akijaalia, macho yake yatatibiwa kwanza kabla ya jambo lingine lolote. Dada Mwajuma, mwambie namshukuru kwa kusema ulichokificha, na aache spika. Mjomba mvuvi wa Mwamgongo, mwambie mgebuka ninaoukumbuka ni wake, huku samaki hawana ladha. Shangazi anayeanika dagaa Kibirizi, mwambie ule mfuko alionipa uliisha siku nyingi, na majirani zangu wa jengoni ndio waliofurahi, maana walikuwa wanafungua madirisha. Mwanafunzi wako pale karakanani mwambie lami aishike yeye, angalau mpaka nirudi.

Baba, kwa miaka yote hii nimewapa pole watu wa kila namna. Nimempa pole mlinzi wa Kizungu kwa pigo la kasia lisilokuwepo. Wewe sijakupa. Kila ulipojikata ulisema "sijaumia", nami nikaamini kwamba asiyeumia hahitaji. Pole, Baba. Pole kwa kidole kile. Pole kwa kaa la moto na kwa ishirini yote. Nilihesabu mimi.

Karatasi ya nyuma ya hii nimeiacha tupu. Weka mkono wako juu yake, wa kulia, umchague mwenyewe wa kukushikia kalamu, na uuchore ukingo wake kama ulivyo. Kidole ambacho hakipo usikichore. Pale penye pengo paache vivyo hivyo. Mahali pake mimi napajua.

Mwanao, fundi mdogo,
Hamisi